Dalili gani ya mtoto kukua ilikukuta hujajiandaa?

Mama_wa_Wawili

Habari zenu wazazi na walezi.

Nina wavulana wawili. Mkubwa ana miaka mitano na ushee, mdogo bado ananyonya. Swali langu linamhusu mkubwa.

Tangu ajue kusema, huyu mtoto anacheza kwa mdomo. Anakaa chini na magari yake na vifuniko vya chupa, na kila anachofanya anakitangaza: "Sasa hili linapita huku. Hapana, ngoja, kuna shimo. Rudi nyuma, rudi, rudi. Haya." Mimi nikiwa chumba cha pili nambadilisha mdogo, nilikuwa najua kila kitu: amejenga nini, nini kimemshinda, amekasirikia gari lipi. Kwa sehemu kubwa ya siku nilikuwa namlea kwa masikio.

Siku hizi amenyamaza. Mara ya kwanza nilikimbia kwenda kumwangalia, maana sote tunajua kimya cha mtoto kinavyotisha. Nikamkuta amekaa palepale, kapanga vifuniko kwenye mstari, midomo inachezacheza kidogo lakini sauti haitoki. Nikamuuliza, "Mbona kimya, unaumwa?" Hata kichwa hakuinua. Akasema, "Nasemea ndani."

Maneno hayo sijayamaliza mpaka leo. Hatua ya kwanza nilijiandaa nayo, jino la kwanza vilevile, hata siku ya kuanza shule nilishailia mapema. Hili hakuna aliyewahi kuniambia. Kuna mahali ndani ya mwanangu ambapo mimi siingii, na yeye mwenyewe anajua kwamba pako.

Tena ameanza kufunga mlango anapooga. Huyuhuyu ambaye juzijuzi tu alikuwa anakatiza sebuleni uchi mbele ya wageni.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Hili la kunyamaza ni la kawaida kwa umri wake, au nimpeleke akaonwe? Na ninyi mliotangulia, ni dalili gani ya kukua iliwakuta hamjajiandaa? Zile za kwenye kadi ya kliniki nazijua. Nataka zile ambazo mlizigundua wenyewe, mkiwa mnafanya shughuli nyingine.

---

Mwalimu_wa_Chekechea

Dada, hongera. Jambo hilo linajulikana vizuri kwa wanaosomea makuzi ya watoto, ila wewe umelipata kutoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, na hiyo ni bahati.

Miaka ya 1920 Mswisi Jean Piaget aliandika kuhusu watoto wadogo wanaojisemesha wakicheza. Yeye aliona kwamba mtoto anasema hivyo kwa sababu bado hajaweza kujiweka kwenye nafasi ya msikilizaji, na kwamba akikomaa maneno hayo yanakufa. Mwanasaikolojia wa Kisovieti, Lev Vygotsky, ambaye alifariki mwaka 1934 akiwa bado kijana wa miaka 37, alimpinga. Alisema hayafi, yanaingia ndani. Mtoto kwanza anaongozwa na maneno ya watu wengine: "polepole, shika kwa mikono miwili." Baadaye anajiambia mwenyewe kwa sauti. Kisha ananong'ona. Mwisho anafikiri. Utafiti uliofuata umempa Vygotsky nguvu zaidi kuliko Piaget katika hili, na mimi darasani naliona kila mwaka: wa miaka minne wanapiga kelele kila mmoja na habari zake, wa miaka sita wamekaa kimya wakichora na midomo inatingishika.

Kwa hiyo ile midomo uliyoiona ikichezacheza ni daraja la katikati. Ukitaka kuhakikisha, mpe kazi ngumu kidogo kuliko aliyozoea, kama fumbo la picha lenye vipande vingi zaidi. Utaisikia sauti ikirudi: "hiki hapa, hapana, kigeuze." Vygotsky naye aliona hivyo, kwamba mtoto akiwekewa kikwazo anajisemesha zaidi. Hata mtu mzima akitafuta ufunguo uliopotea utamsikia: "niliingia, nikaweka mkoba, halafu nikaenda jikoni…"

Tafadhali usimwambie aseme kwa sauti ili umsikie. Najua unatamani.

Dalili ninayoipenda mimi kuliko zote ni hii. Mtoto wa miaka minne ambaye kwako wewe bado ni mdogo kabisa, akikutana na wa miaka miwili anabadilisha usemi wake. Sentensi zinafupika, sauti inapanda juu kidogo, anainama, anarudia: "Chukua. Chukua mpira. Mpira huu." Akigeuka kukusemesha wewe, anarudi kwenye sentensi zake ndefu. Marilyn Shatz na Rochel Gelman walilichunguza hili mwaka 1973 wakakuta watoto wa miaka minne wanafanya hivyo hasa. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto amepima mwenyewe kwamba huyu anajua kidogo kuliko mimi, kwa hiyo nimpunguzie. Msikilize mkubwa wako anapomsemesha mdogo wake.

---

Baba_Binti

Kwangu ilikuwa mchezo wa kujificha.

Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu, kujificha kwake kulikuwa kuziba macho kwa viganja na kusimama katikati ya chumba. Au anaingia nyuma ya pazia, miguu yote miwili nje, na ukiuliza "yuko wapi?" anajibu "niko hapa!" Tukicheza zamu kumi anajificha palepale mara kumi, na kila mara anafurahi vilevile ukimpata. Na mimi nilikuwa nazunguka nyumba nzima nikiuliza viti na ndoo kama wamemwona.

Akiwa na miaka minne na nusu hivi, jioni moja nilihesabu kama kawaida, nikafungua macho, nikaenda nyuma ya pazia. Hayupo. Nikatazama chini ya meza. Hayupo. Nikaita kwa ile sauti ya mchezo, "yuko wapi huyu?" Kimya. Nikaita jina lake sasa kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nikaanza kufungua milango kwa nguvu, moyo unadunda. Nilikuja kumkuta ndani ya kabati la nguo, nyuma ya makoti, kajikunja, kashika mdomo kwa mikono miwili ili kicheko kisitoke. Na viatu vyake alikuwa ameviacha mlango wa nje, vimekaa vizuri, ili nidhani ametoka.

Vile viatu ndivyo vilivyonimaliza. Kukaa kimya kabatini ni jambo moja. Kuviweka viatu mlangoni ili baba afikirie kitu ambacho si kweli, hapo ni lazima uwe umeshajua kwamba kichwa cha baba kina mawazo yake, na kwamba mawazo hayo yanaweza kuwa na makosa, na kwamba wewe unaweza kuyapeleka unakotaka.

Nilisoma baadaye kuwa kuna jaribio maarufu la mwaka 1983, la Heinz Wimmer na Josef Perner. Mtoto anasimuliwa habari za kijana aitwaye Maxi aliyeweka chokoleti kwenye kabati moja akatoka kwenda kucheza. Huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu kwa kawaida wanasema ataitafuta ilipo sasa, maana wao wanajua ilipo na wanadhani kila mtu anajua. Kuanzia kama miaka minne wanaanza kusema ataitafuta alipoiacha. Jaribio hilo limerudiwa kwa namna nyingi tangu wakati huo.

Uongo nao unaingia kupitia mlango huohuo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anaweza kukana kitu huku ushahidi umemjaa mashavuni. Wa miaka minne, mitano, anaanza kutunga uongo unaoshikamana. Mimi uongo siuachii, tunazungumza na anarekebisha alichokosea. Lakini siogopi tena kwamba nimezaa mtu mwovu, kama nilivyowasikia wazazi wengine wakisema. Kichwa kilekile kinachomwezesha kudanganya ndicho kinachomwezesha kujua kwamba mwenzake ameumia hata kama hakulia.

Sasa hivi nikihesabu nahesabu kweli, na nikitafuta natafuta kweli. Na mara nyingine ananishinda.

---

Nesi_Mstaafu

Wanangu hamjambo. Mmezungumza ya kichwani, mimi niongeze ya mwilini, kwa sababu huko ndiko nilikofanyia kazi na ndiko wazazi wengi wanapopitwa.

La kwanza ni gego la miaka sita. Kila mtu anangoja jino la mbele litikisike. Lakini kwa watoto wengi jino la ukubwani la kwanza kuota haling'oi jino lolote: linatokea nyuma kabisa, baada ya magego ya utotoni, kimyakimya, karibu na miaka sita. Yako manne, juu mawili na chini mawili. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, mzazi anadhani ni la utotoni, litaanguka tu, na halipigwi mswaki vizuri. Hilo halianguki, hilo ni la kufa nalo. Jioni ya leo mwambie mtoto afungue mdomo, tazama nyuma kwa taa. Ukikuta jino pana, jipya, lenye mabonde juu yake, basi anakua na hakukuambia.

Na ukiona meno ya chini ya mbele yanaota safu ya pili nyuma ya yale ya utotoni, usihamaki. Mara nyingi la zamani linalegea lenyewe likitoka. Likigoma hata kutikisika, mwone daktari wa meno.

La pili ni umbo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kati ya hapo mikono na miguu inakimbizana na kichwa. Mtoto wa miaka mitatu mwambie apitishe mkono juu ya utosi ashike sikio la upande wa pili, hafiki. Siku moja, miaka sita au saba, anafika, bila hata kuinamisha kichwa. Kile kitumbo cha mbele nacho kinakuwa kimeondoka, na shingo imetokeza. Mama anayemwona kila siku haoni, anakuja kushtuliwa na picha ya mwaka uliopita. Baada ya miaka miwili ya mwanzo mtoto anaongezeka kama sentimeta 5 hadi 7 kwa mwaka, kidogokidogo, ndiyo maana jicho linadanganyika.

Na usingizi wa mchana. Wengi wanauacha kabla ya kufika miaka mitano. Mama anapoteza saa yake ya pekee ya kupumua, na hakuna anayempa pole. Mimi nawapa pole.

---

Shangazi_Mlezi

Shikamoo Nesi. Nimeangalia mdomo, liko! La chini kulia, nusu limefunikwa na ufizi. Sikujua kabisa.

Mimi namlea mtoto wa marehemu kaka yangu tangu akiwa na miaka miwili, sasa ana minane. Dalili yangu ni ya kusikitisha kidogo, mtanivumilia.

Alipokuwa na miaka mitatu ndege aliingia ndani ya nyumba akashindwa kutoka. Alijigonga dirishani mpaka tukafunga mapazia yote na kuacha mlango mmoja wazi, akaufuata mwanga. Huyu mtoto alilisimulia tukio hilo kwa miaka. Akiwa na mitano alikuwa anakumbuka rangi ya mbawa, anakumbuka kwamba nilishika ufagio, anakumbuka kwamba yeye alijificha nyuma yangu akinishika nguo. Kila mgeni alisimuliwa.

Majuzi nikamwambia, "Kama yule ndege wetu." Akaniuliza, "Ndege gani?" Nikampa kila kitu: pazia, ufagio, mlango. Akanisikiliza kwa makini kama anayesikiliza habari za mtu mwingine, akasema, "Kumbe."

Ilinichoma, hasa kwa sababu kama amesahau ndege, na baba yake je? Nikasoma. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya miaka mitatu, mitatu na nusu hivi. Lakini kusahau kwenyewe kunatokea bado ukiwa mtoto. Patricia Bauer na Marina Larkina walichapisha utafiti mwaka 2014: watoto waliozungumza na mama zao kuhusu matukio ya walipokuwa na miaka mitatu walifuatiliwa, na walipofika miaka mitano hadi saba walikumbuka mengi ya yale matukio, ila waliofika miaka minane au tisa walikuwa wamepoteza sehemu kubwa. Na yale machache yaliyobaki waliyaeleza kwa utimilifu zaidi. Umri wa kwangu ndio huo.

Jambo lililonipa nguvu ni kwamba namna tunavyozungumza na mtoto kuhusu yaliyopita ina athari. Wazazi wanaouliza maswali ya wazi na kumwachia mtoto aseme, "ikawaje? wewe uliona nini? ulijisikiaje?", watoto wao wanakuwa na kumbukumbu zenye nyama zaidi. Sasa tuna daftari. Mimi naandika, yeye anachora. Habari za baba yake zimeshajaza kurasa, na amezipenda kuliko kitabu chochote nilichomnunulia.

Nyinyi wenye watoto wa miaka minne, mitano: waulizeni sasa, wakati wanakumbuka wenyewe.

---

Baba_Binti

Shangazi, pole sana, na hongera kwa hilo daftari. Nimekwenda kutafuta letu.

Nimekumbuka jingine dogo. Binti alikuwa anasema "majino." Majino yangu yanauma, nimepiga mswaki majino. Ameshajifunza kwamba vitu vikiwa vingi vinaanza na "ma", jicho macho, jani majani, akalipa na jino haki yake. Sikumsahihisha, nilikuwa naitikia tu, "haya, tuone meno." Wiki iliyopita nikasikia "meno." Sijui alibadili lini. Mama yake naye hajui.

---

Mama_wa_Wawili

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Shangazi, Mungu akuzidishie.

Mwalimu, nilimpa fumbo la picha la vipande vingi. Kimya, kimya, halafu alipokwama kwenye kona: "Hiki kina bluu. Bluu iko wapi? Hapa hakuna bluu." Nilikuwa nyuma ya mlango, nimetulia kabisa. Na ni kweli anapomsemesha mdogo wake anageuka mtu mwingine. Anasema "mama anakuja, mama anakuja" kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi situmii.

Nesi, shikamoo. Nina swali moja limebaki. Kama kunyamaza ni kukua, nitajuaje siku kunyamaza kukiwa ni ugonjwa? Maana huyu mdogo naye atafika huko.

---

Nesi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Swali zuri.

Angalia kama ananyamaza na watu. Mtoto anayekua ananyamaza akiwa peke yake na kazi yake, lakini ukimwita anajibu, anakusimulia ya shuleni, anabishana, anauliza. Mtoto wa kumpeleka akaonwe ni yule anayeacha kuwasemesha watu, au anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au haitiki jina lake, au ameacha michezo aliyoipenda. Sheria niliyofanyia kazi miaka yote ni moja: mtoto kuchelewa kupata jambo, tunaweza kusubiri kidogo na kuangalia; mtoto kupoteza jambo alilokwisha kulipata, hatusubiri, awe na umri wowote. Katika kuchelewa kuna nafasi kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipowapima watoto wa nchi mbalimbali, kutembea bila kushikwa kulianzia karibu miezi 8 kwa wengine mpaka zaidi ya miezi 17 kwa wengine, na wote walikuwa watoto wazima wa afya.

Mfano mmoja ambao watu wanaupuuza: mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani kwa miezi mingi, ghafla ameanza tena. Mara nyingine ni wasiwasi, ni mdogo wake amezaliwa, ni shule mpya. Lakini ukiona pia anakunywa maji kupita kiasi, anakwenda haja ndogo kila mara, anapungua mwili na kuchoka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe sukari. Kisukari huwapata watoto pia, na hao hawangoji Jumatatu.

---

Mwalimu_wa_Chekechea

Naona hakuna aliyekujibu la mlango wa bafuni. Kuona haya huwaanza wengi kati ya miaka minne na saba, na wako yuko katikati ya hapo. Mkubalie. Bisha hodi, ungoje aseme "ingia", hata kama unajua kwamba mgongo hajausugua. Ila kitasa kisiwe cha kufungwa kwa ndani mpaka awe mkubwa zaidi, na ndoo au beseni la maji lisibaki humo mdogo wake anapoanza kutambaa. Mwambie pia kwamba mwili wake ni wake, na kwamba mtu yeyote akimwambia afiche siri kuhusu mwili wake, aje akuambie wewe. Ni rahisi zaidi kumwambia sasa, wakati mlango ameufunga yeye mwenyewe kwa sababu zake nzuri.